Mzee Akipotea Ngamiani, Nani Atamrudisha Nyumbani?

Haya ni maneno niliyoyasema hapa jijini Tanga mbele ya wenyeviti wa mitaa, viongozi wa dini, akina mama wa vikoba, madereva wa bodaboda na wauguzi. Walioshindwa kufika wameniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi mliobaki kimya mara zote tatu, hamjambo?

Wazee wangu wa safu ya mbele, shikamooni. Vijana wa bodaboda, nimeambiwa mmeegesha mpaka mlangoni kwa jirani. Hebu mmoja atoke awapangie wenzake, watu wapate njia. Ahsante. Wenyeviti, maimamu, wachungaji, mama zangu, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimezaliwa Tanga, nimefanya kazi Tanga, na pensheni yangu naipokelea Tanga. Nimeombwa nizungumze juu ya ugonjwa wa kusahau, huu ambao madaktari wanauita dimenshia, na namna mtaa unavyoweza kuishi na wazee walioupata. Nina jambo moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke. Mgonjwa huyu hatunzwi na mtu mmoja. Hatunzwi na binti mmoja aliyeachiwa nyumba. Hatunzwi na hospitali peke yake. Anatunzwa na mtaa, na mtaa hauwezi kutunza mpaka watu wake wapatane nani atafanya nini.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani. Kusahau funguo ni kawaida, hata mimi leo nimeitafuta miwani ikiwa imenikaa usoni. Tunayemzungumzia hapa ni mama aliyepika maisha yake yote, leo anatia chumvi kwenye mchuzi mara tatu, na ukimuuliza anaapa hajatia hata chembe. Ni mzee anayetoka kwenda soko la Mgandini, njia aliyoipita tangu ujana, akifika katikati hajui arudi wapi. Mchana amelala, usiku anafunga mizigo anataka kusafiri. Anamwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Umri unauongezea nafasi, lakini si kila mzee anaupata, kwa hiyo lile neno letu la "karudi utoto, mwacheni" tuliweke kando.

Aina iliyo kubwa kuliko zote inaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyemweleza mgonjwa wake mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Katika kila wagonjwa 100 wa dimenshia, kati ya 60 na 70 wana hiyo. Aina nyingine inatokana na mishipa ya damu ya ubongo, yaani kiharusi kikubwa au viharusi vidogo vidogo ambavyo mtu hakuvitambua, na nyuma yake mara nyingi ipo presha ambayo haikutibiwa. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Msiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta karibu 6 katika kila 100 wanao. Hai si Ulaya. Hai unapanda basi asubuhi, mchana umefika.

Sasa nawaomba mnisikilize hapa, kwa sababu hapa watu wanakufa bure. Ugonjwa wa kusahau huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa timamu Jumatatu, Alhamisi anazungumza na ukuta, huyo hana dimenshia iliyoanza Jumatano. Huyo ana jambo lingine, na ni la haraka. Niliitwa kwenye nyumba moja upande wa Makorora. Bibi alikuwa amelala chini, anang'ang'ania kanga yake, anawafukuza watu wasioonekana. Nje palikuwa na gari la kumpeleka kwa mganga, na wajukuu walishachangishana pesa. Nikauliza, amekula? Tangu juzi hajala. Anakunywa maji? Kidogo. Nikamgusa paji la uso, anaungua. Nikauliza habari ya mkojo, binti yake akaona haya kwanza, halafu akasema unatoka kidogo kidogo na unanuka. Gari lile lile likageuzwa, likampeleka hospitali. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo pamoja na upungufu wa maji. Wiki ya pili bibi yuko barazani, anagomba kwa nini kuku wake hawajafungiwa.

Malaria hufanya hivyo. Homa ya mapafu hufanya hivyo. Sukari ikishuka hufanya hivyo. Mzee aliyeanguka akagonga kichwa, damu ikavilia ndani, naye hufanya hivyo, na pengine wiki kadhaa zimepita na watu wameshasahau kwamba alianguka. Hata dawa, hasa mzee akipewa huku na kule bila mtu kuangalia anazo zipi tayari. Yapo pia yanayokuja polepole yakafanana na dimenshia: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, sonona. Hayo yana tiba. Kwa hiyo kabla hatujasema "ndiyo uzee huo", mzee apimwe. Ugonjwa wenyewe, Alzheimer, mpaka leo hauna dawa ya kuuondoa, sitawadanganya. Lakini kati ya kuponya na kutelekeza kuna nafasi kubwa sana, na nafasi hiyo ndiyo tuliyokuja kuijaza.

Tuje mtaani.

Yupo mzee mmoja, jina namfichia, mjini walimwita Nahodha. Alifanya kazi bandarini enzi za matishari, meli inatia nanga mbali na mizigo inafuatwa majini. Ujanani alipanga chumba Barabara ya 9, Ngamiani. Baadaye akajenga Mikanjuni, akahamia huko na familia. Ugonjwa ulipomshika, magharibi ikiingia alianza kuhangaika: nachelewa zamu, nachelewa zamu. Watoto wakawa wanafunga geti. Siku moja fundi alikuja akaliacha wazi.

Familia ilimtafuta Mikanjuni yote. Wakaenda polisi, wakaenda hospitali ya Bombo kuangalia majeruhi, wakaenda mpaka stendi ya Kange. Nani alifikiria Ngamiani? Hakuna, kwa sababu walikuwa wakimtafuta mzee wa leo, na yeye alikuwa kijana wa zamani anayerudi chumbani kwake. Usiku ule alikuwa anasukuma mlango wa nyumba ya watu Barabara ya 9. Wapangaji wakaamka. Mtu gizani, anasukuma mlango, anasema hapa ni kwangu nifungulieni. Mnajua neno linalofuata. Mwizi! Na mnajua watu wakishaitana kwa neno hilo huwa wameshika nini mikononi.

Aliyemwokoa ni muuza kahawa. Alikuwa anafunga shughuli, ana birika mkononi na mkaa unawaka chini. Akasogeza taa. Akasema, "Huyu si Nahodha huyu? Jamani, huyu alikuwa anakunywa kahawa kwa marehemu baba yangu!" Halafu akafanya kitu ambacho sisi wauguzi tunafundishwa darasani na yeye hakufundishwa na mtu. Hakumwambia, mzee umepotea. Hakumwambia, wewe si wa hapa. Alimwamkia, akamkalisha kwenye benchi, akampa kikombe, akamuuliza: "Zamu ya leo ilikuwaje, Nahodha?" Na yule mzee, aliyekuwa anatetemeka, akaanza kusimulia tishari lililopakiwa mkonge likakaribia kuzama. Akasimulia mpaka pikipiki ikaja.

Ninawauliza: je, tumngojee muuza kahawa kila siku? Siku ile angekuwa amefunga mapema?

Tangu hapo kijiwe kile cha bodaboda na serikali ya mtaa wao wamepatana. Nawaeleza walivyofanya, kwa sababu hakukuhitajika mfadhili. Ofisi ya mtendaji ina daftari. Familia inayotaka, na nasema inayotaka, hailazimishwi mtu, inaandikisha mzee wao: picha, jina analoitikia, namba za simu za watu wawili, na kile kitu ambacho familia ya Nahodha ilikikosa usiku ule, yaani alikokuwa akiishi na kufanya kazi zamani. Mzee akitoweka, jambo la kwanza ni kumpigia mtendaji na mwenyekiti wa kijiwe. Picha inatumwa kwenye kundi la simu la madereva. Kijana mmoja anaelekea nyumba ya zamani, mwingine kazini kwa zamani, mwingine upande wa bahari. Polisi wanaarifiwa hapo hapo, si kesho yake. Akipatikana, picha inafutwa kwenye kundi, kwa sababu uso wa baba wa mtu si kitu cha kuzungushwa mji mzima.

Tanga tumebahatika kwa jambo moja. Barabara za Ngamiani zina namba. Mzee anayeshindwa kukuambia jina la mtaa wake wa leo, muulize, "Babu, wewe barabara ya ngapi?" Mara nyingi namba ipo. Inaweza isiwe nyumba ya leo, lakini umepata pa kuanzia, na barabara hiyo ina wazee wenzake wanaojua ukoo wake.

Vijana wa bodaboda, mkimwona mzee amesimama, anageuka huku na huku, amevaa kandambili zisizolingana, zimeni pikipiki kwanza. Mwendeeni kwa mbele akuone, usimshike bega kwa nyuma. Shikamoo, babu. Sema jina lako. Swali moja, ngoja jibu, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kama hajajibu. Usimuulize "unanijua mimi?" Hakuna swali linalomdhalilisha kama hilo. Usimbishie. Akisema anakwenda kwa mama yake, usimwambie mama yako amekufa, kwa sababu atalia kama amesikia leo, na kesho ukirudia atalia tena. Mwambie, mama yako alikuwa anapika nini, babu? Atakueleza, na mkiwa mnaelezana mnatembea taratibu kuelekea kivulini.

Mnafikiri haya nayatoa kichwani? Kuna mji Japani unaitwa Omuta. Ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na mgodi wao mkubwa wa Miike ulifungwa mwaka 1997. Vijana wakaondoka, wazee wakabaki. Sisi tuliokua tukisikia honi za viwanda na sasa hatuzisikii, tunaielewa habari hiyo bila mkalimani. Mwaka 2004 Omuta walianza zoezi: mtu anatembea mjini akijifanya mzee aliyepotea, taarifa inatolewa, na wakazi, wenye maduka, watoto wa shule, wanajizoeza kumwona, kumsogelea na kuzungumza naye. Na nchi nzima ya Japani, kuanzia 2005, walianzisha somo fupi la kama saa moja na nusu kwa watu wa kawaida, makarani wa benki, wauza duka, madereva. Waliopita kwenye somo hilo ni zaidi ya milioni 10. Saa moja na nusu! Kikao chetu cha maandalizi ya harusi kinakula muda kuliko huo, na hatujafika hata kwenye bajeti ya pilau.

Sasa niwageukie mawakala wa pesa za simu, maana ninawaona pale nyuma.

Mzee mwenye ugonjwa huu, kabla hajapotea barabarani, hupotea kwenye hesabu. Anakuja kibandani asubuhi, anatoa elfu ishirini. Baada ya saa moja anarudi, anatoa elfu ishirini. Adhuhuri anarudi tena, na safari hii amefuatana na kijana anayejiita mjukuu, na namba ya siri anaisema kwa sauti mbele ya foleni. Wakala, unafanya nini? Unalipwa kamisheni kwa kila muamala, najua. Yupo dada mmoja mwenye kibanda karibu na soko, bibi alipokuja mara ya tatu siku moja, alimwambia tu, "Bibi, mtandao unasumbua, kaa hapa upumzike." Akampa kiti na maji. Akampigia binti yake, kwa sababu namba alikuwa nayo. Binti alishapita mwezi mmoja nyuma kumwomba. Yule "mjukuu" kusikia binti anakuja, akakumbuka ana safari.

Mtandao haukuwa unasumbua. Mashehe wangu mtanisamehe, uongo ule naupa ruhusa.

Lakini tusimwachie wakala abahatishe. Familia ipite kwa mawakala wawili watatu wa jirani, iseme: mama yetu ana maradhi, akizidisha hapa tupigieni. Na familia ifanye mapema, mzee akiwa bado anaelewa, naye mwenyewe akakubali. Hili la pesa, la shamba, la nyumba na la hati msilingoje. Nimeona ndugu wa tumbo moja hawazikani kwa sababu ya kiwanja ambacho mzee alikitilia dole gumba akiwa hajui ni siku gani. Mkae na mzee katika miezi ya mwanzo mumuulize anataka nini, na mwanasheria au msaidizi wa kisheria awepo.

Viongozi wa dini. Nasema na ninyi kwa adabu, lakini nasema. Nimekaa kwenye nyumba ambazo mgonjwa haletwi tena msikitini wala kanisani, kwa sababu siku moja alisimama katikati ya hotuba akauliza chakula kitaletwa saa ngapi, na watu wakacheka. Tangu siku hiyo amefungiwa ndani. Maimamu mnajua kuliko mimi kwamba Surat An-Nahl, aya ya 70, inataja wazi wanaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, hata wasijue kitu baada ya kuwa walikuwa wanajua. Mapadri mnakijua Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 3, mtoto anaagizwa amvumilie baba yake hata akili zikimpungukia. Kama maandiko yamemtaja, kwa nini sisi tunamficha? Imamu akisema Ijumaa moja tu, dakika mbili, kwamba mzee akikosea rakaa asikemewe, na kijana mmoja apangwe asimame kando yake, nyumba ngapi zitafungua milango? Na mahali pa kujisaidia pawe na alama kubwa, na viatu vyake viwekwe peke yake. Wazee wengi huacha kwenda ibadani kwa sababu ya choo na viatu, wala si kwa sababu ya imani.

Waganga nao nimewaalika, na wawili wamekuja. Wapo watu walioninunia kwa hilo. Mimi nauliza, mgonjwa wa akili Tanga anaanza kwa nani? Tusidanganyane. Anaanza kwao. Tiba asili ina sheria yake ya mwaka 2002 na baraza lake, kwa hiyo hawa si watu wa kuzungumza nao gizani. Makubaliano yetu ni mawili. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, au mwenye homa, au aliyeanguka, hapokelewi, anaelekezwa hospitali siku hiyo hiyo. La pili, na hapa sicheki: hakuna kumtaja mtu mchawi. Nchi hii imezika akina mama wazee waliouawa kwa kuitwa wachawi, na mama mwenye dimenshia, anayezunguka nje usiku wa manane, anayezungumza peke yake, ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Atakayemnyooshea kidole mama wa namna hiyo, mwenyekiti wa mtaa amwite siku hiyo, asingoje yatokee.

Akina mama, tufike kwenu, maana huku kuna raha yake. Kikundi kimoja cha akina mama wasuka mikeka upande wa Sahare kina bibi ambaye jina la binti yake limemtoka kabisa. Anamwita "dada". Walidhani basi, hafai tena kikundini. Mmoja wao akamwekea miyaa mapajani, iliyokwisha kuloweshwa na kuchanwa. Mikono ikaanza yenyewe. Nilikaa nikautazama ule ukili ukirefuka, sawa pande zote, na yeye haangalii, anazungumza habari za mvua ambayo haipo. Ubongo huhifadhi kazi za mikono mahali tofauti na majina na tarehe, ndiyo maana hubaki muda mrefu. Ila chukueni hili: kuchana asipewe, kuna kisu. Kupima urefu asipewe, anasahau idadi na anaanza kukasirika. Apewe kusuka tu. Na siku nyingine anafumua alichosuka jana, basi afumue. Mkeka hautafika mnadani wiki hii, dunia haitasimama. Siku anayokaa nao, jioni hahangaiki sana, na hilo binti yake aliniambia mwenyewe.

Nanyi wazee wa baraza za kahawa msijione mmepona. Mwenzenu akianza kukosea hesabu za kete kwenye bao, mnamcheka, halafu mnaacha kumwita. Upweke peke yake ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet, mwaka 2024, lilitaja mambo 14 ambayo dunia ikiyashughulikia, karibu asilimia 45 ya dimenshia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Sitayasoma yote. Presha imo. Sukari imo. Sigara imo. Kutosikia vizuri na kutoona vizuri vimo, kwa hiyo mzee asiyesikia msimpigie kelele tu, apelekwe masikio yaangaliwe. Na kuumia kichwa kumo: vijana, kofia ngumu ivaliwe kichwani, mmezoea kuining'iniza kwenye kioo cha pembeni. Mwenzenu akishindwa bao, mpeni kazi ya kumimina kahawa, au mchezeshe pamoja na mwingine, wawili dhidi ya mmoja. Abaki barazani.

Nimefika kwa mtu ambaye hayupo hapa leo.

Hayupo kwa sababu hana wa kumwachia mgonjwa. Ni binti wa mwisho, au mke, au mkwe, mara chache sana ni mtoto wa kiume. Ndiye anayeamka usiku mara tano. Ndiye anayepigwa kofi na mama aliyemzaa, kwa sababu mama amemwona mgeni aliyeingia kumvua nguo, kumbe ni kumwogesha. Ndiye aliyeacha biashara yake ya vitumbua. Halafu wapo ndugu. Ah, ndugu! Wako Dar, wako Mwanza, mmoja yuko Oman. Wana kundi la simu linaloitwa Familia Yetu. Humo wanatuma maua asubuhi, wanatuma dua, na wanatuma maagizo. "Mama apewe karoti." "Nimesoma mahali mafuta ya nazi yanasaidia." Mmoja hutuma elfu hamsini kila mwisho wa mwezi, na hatuachi kusikia habari ya elfu hamsini hiyo mpaka mwisho wa mwezi ujao. Wakija Idi au Krismasi wanamkuta mama amekonda, wanauliza, "Hivi unamlisha kweli?"

Nimewahi kumkuta binti wa namna hiyo amekaa kwenye ngazi za uani, sufuria inaungua ndani, haendi kuitoa. Nikaitoa mimi. Hakulia, hakusema kitu. Aliniomba nikae na mama yake mpaka alasiri ili alale. Sikuombwa dawa wala ushauri. Usingizi.

Basi hili ndilo ninalolitaka kwa vikoba, kwa Wanawake Waislamu, kwa WAWATA, akina mama Wakatoliki, kwa umoja wa akina mama wa kila kanisa. Mnatembelea wagonjwa, mnakwenda na sabuni na mchele, Mungu awalipe. Kwa nyumba hii nendeni na saa tatu za muda. Wawili wawili, mchana mmoja kila wiki, zamu ijulikane na isivunjwe. Mlezi atoke, akalale, akasuke nywele, akauze vitumbua vyake. Na ndugu wa mbali nao wapangiwe: huyu analipia nepi za watu wazima, huyu anakuja wiki mbili kila mwaka mlezi apumzike, huyu hana pesa basi apige simu kila jioni azungumze na mama dakika kumi mlezi akiwa anapika. Yaandikwe. Mtu akipangiwa mbele ya mjomba na jirani wawili, huwa anatimiza.

Serikali nayo ina sehemu yake, tusiisahau na tusiitegemee yote. Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatakiwa atibiwe bila malipo, na wahudumu wa dirisha la wazee wanajua. Lakini mgonjwa wa dimenshia akifika dirishani peke yake hakumbuki kilichomleta. Kwa hiyo tunaomba kwa zahanati zetu: faili lake liwe na alama, asiambiwe "kapime kisha urudi chumba namba nane", asindikizwe. Na afisa ustawi wa jamii apewe nakala ya daftari la mtaa. Wengi mkisikia akili mnafikiria hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi kule Korogwe. Hospitali ile ina kazi yake. Mgonjwa wetu huyu, katika siku zake nyingi, anachohitaji ni kitanda chake mwenyewe, uso anaouzoea, na taa iwake njia ya chooni usiku.

Namaliza, naona mwenyekiti anaangalia saa kwa adabu.

Zoezi kama la Omuta tunataka tulifanye Ngamiani, kuanzia Barabara ya 1 kwenda juu, Jumamosi asubuhi kabla ya jua kali. Anahitajika mtu wa kupotea. Mzee wetu mmoja wa safu ya mbele ameshajitolea, ila ametoa sharti asipotelee karibu na nyumbani kwa mke mdogo, na kamati imelikubali. Kila kijiwe cha bodaboda kitoe vijana wawili. Kila msikiti na kanisa ndani ya eneo litoe mtu mmoja. Mawakala na wenye maduka ya dawa hamhitaji kutoka, mbaki vibandani mkiwa mnajua anaweza kupita kwenu. Walimu wa madrasa na wa shule za msingi, waleteni watoto wakubwa, maana wao ndio huwaona wazee kwanza, wanacheza nje.

Daftari la majina liko kwa katibu, meza ya kulia. Andika jina, kijiwe au kikundi, na namba ya simu inayopatikana, si ile ya line uliyoiazima. Mwenye mgonjwa nyumbani asiandike hapa mbele ya watu. Aje kwangu pembeni, au amtume mtu. Chai ipo, mihogo ipo, na maswali nitayajibu tukiwa tunakula.